Aliir Aliir

Aliir Aliir (alizaliwa Kakuma, Kenya, 5 Septemba 1994) ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kanuni za Australia mwenye asili ya Sudan Kusini. Anacheza nafasi ya beki katika klabu ya Port Adelaide, inayoshiriki ligi kuu ya mchezo huo, AFL. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa Sydney Swans. Mwaka 2021 aliteuliwa katika All-Australian, yaani timu ya heshima inayokusanya wachezaji bora wa msimu mzima. Anafahamika hasa kwa kuruka juu na kudaka mipira iliyokusudiwa kuwafikia washambuliaji wa timu pinzani.

Maisha ya awali

Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Turkana. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 ili kupokea watu waliokimbia vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan (1983-2005). Miongoni mwa waliofika mwanzoni walikuwa maelfu ya watoto na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan ya kusini, wakapitia Ethiopia, ndipo wakaingia Kenya. Wazazi wa Aliir walikuwa miongoni mwa wakimbizi kutoka upande huo wa kusini, ambao ulikuja kuwa nchi huru ya Sudan Kusini tarehe 9 Julai 2011.

Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Australia na kuishi Brisbane, mji mkuu wa jimbo la Queensland. Katika jimbo hilo mchezo unaopendwa zaidi ni raga, si mpira wa kanuni za Australia. Hivyo Aliir aliujua mchezo huu akiwa tayari kijana, ilhali wenzake wengi katika ligi kuu waliuanza tangu utotoni. Baadaye alihamia Australia Magharibi akajiunga na East Fremantle, klabu ya ligi ya jimbo hilo.

Mchezo wenyewe

Mpira wa kanuni za Australia ulianzia Melbourne, ambako kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859. Huchezwa katika uwanja wa umbo la yai, na mpira wake pia una umbo hilo. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Mechi ina vipindi vinne vya dakika 20 kila kimoja, na muda unaopotea mpira ukiwa umesimama huongezwa.

Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, lakini haruhusiwi kuurusha. Akitaka kumpa mwenzake, huupiga teke au huushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono mwingine. Hakuna kanuni ya kuotea. Kila upande wa uwanja una nguzo nne: mpira uliopigwa teke ukapita kati ya nguzo mbili za katikati ni goli na huleta pointi 6, ukipita kati ya nguzo ya katikati na ya pembeni huleta pointi 1.

Kanuni inayoeleza zaidi kazi ya Aliir ni ile ya maki. Mchezaji anayedaka mpira uliopigwa teke na kusafiri angalau mita 15 bila kugusa chini wala kuguswa na mtu mwingine, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Kwa sababu hiyo beki anayedaka pasi ya wapinzani hafanyi kazi ya kuokoa tu. Papo hapo mpira unakuwa wa timu yake, naye ana muda wa kutazama na kuanzisha shambulio.

Kuingia AFL

Klabu za AFL hazisajili vijana kwa kushindania bei. Kila mwaka hufanyika uteuzi ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu, na kwa kawaida iliyofanya vibaya zaidi hutangulia kuchagua. Lengo ni kuzuia klabu chache kujilimbikizia vipaji vyote. Katika uteuzi wa mwaka 2013, Sydney Swans walimchukua Aliir akiwa wa 44.

Sydney Swans

Baada ya kuteuliwa, Aliir hakuingia mara moja katika kikosi cha kwanza. Alitumia misimu miwili katika timu ya akiba akijifunza mchezo, na mechi yake ya kwanza ya AFL aliicheza mwaka 2016. Msimu huo ulikwenda vizuri: alipata namba katika safu ya ulinzi, na Swans wakamaliza wakiwa kileleni mwa msimamo wa ligi.

Katika AFL bingwa hapatikani kwa kuongoza msimamo, bali kwa mechi za mtoano zinazofuata. Tarehe 23 Septemba 2016 Swans waliifunga Geelong katika nusu fainali, lakini Aliir aliumia goti katika mechi hiyo. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, wenzake walicheza fainali bila yeye na kushindwa na Western Bulldogs kwa pointi 89 kwa 67. Kwa Bulldogs ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu mwaka 1954. Kwa Aliir ilikuwa fainali iliyompita akiwa amecheza hadi hatua ya mwisho kabla yake.

Mwaka 2017 alicheza mechi chache tu katika kikosi cha kwanza, kisha akarudi kuwa mchezaji wa kawaida wa timu mwaka 2018. Kutokana na urefu wake, mara nyingine alitumiwa nje ya ulinzi kama mrukaji, yaani mchezaji anayegombea mpira unaporushwa juu na mwamuzi.

Port Adelaide

Mwishoni mwa msimu wa 2020 Sydney Swans walikubali kumwachia kwenda Port Adelaide, klabu ya jimbo la Australia Kusini iliyoanzishwa mwaka 1870. Katika AFL uhamisho wa namna hii haulipiwi fedha kati ya klabu na klabu: Swans walipewa nafasi ya kuchagua chipukizi katika uteuzi wa baadaye.

Mabadiliko hayo yalimfaa. Port Adelaide walimweka nyuma na kumwacha huko, na katika msimu wake wa kwanza, 2021, aliteuliwa katika All-Australian. Klabu ilifika nusu fainali mwaka huo, lakini ikafungwa na Western Bulldogs kwa tofauti ya pointi 71 katika uwanja wake wa Adelaide Oval.

Tukio la mwaka 2023

Tarehe 29 Julai 2023, katika mechi dhidi ya mahasimu wa mji huo, Adelaide Crows, Aliir aligongana vichwa na mwenzake wa timu, Lachie Jones. Aliir alirudi uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo kinachotakiwa na kanuni za ligi. Baada ya mechi aliwekwa chini ya utaratibu wa mtikisiko wa ubongo, ambao wakati huo ulimtaka mchezaji kukaa nje kwa siku zisizopungua 12. AFL iliitoza klabu faini ya dola 100,000 za Australia. Tukio hilo lilichochea mjadala mpana nchini Australia kuhusu nani mwenye neno la mwisho mchezaji anapoumia kichwa.

Wachezaji wengine wenye historia inayofanana

Aliir si wa kwanza kutoka jamii ya Wasudan kufika AFL. Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum, alitangulia alipoichezea North Melbourne mwaka 2013, na goli lake la kwanza lilitokana na teke lake la kwanza. Kwa upande wa wanawake, Akec Makur Chuot, ambaye naye aliishi Kakuma, aliichezea Fremantle mwaka 2017, msimu wa kwanza wa ligi ya wanawake.

Kambi hiyohiyo imetoa pia mchezaji wa soka wa timu ya taifa ya Australia, Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995. Mwaka 2022 alifunga moja ya penalti zilizoiwezesha Australia kuishinda Peru na kufuzu Kombe la Dunia.