Kabla ya Kulipia Zawadi Uwanja wa Ndege

Abiria akishagongewa muhuri wa kutoka pale uwanja wa Julius Nyerere au wa Jomo Kenyatta, bidhaa anazonunua huhesabiwa kuwa zinakwenda nje ya nchi. Ndiyo sababu duka la pale ndani huruhusiwa kumuuzia bila ushuru, utaratibu ulioanzia uwanja wa Shannon, Ireland, mwaka 1947. Nafuu yake hutegemea uzito wa kodi iliyoondolewa. Pombe kali na sigara hutozwa kodi kubwa mitaani, kwa hiyo huko tofauti utaiona. Korosho, kahawa na vinyago havina mzigo wa namna hiyo, na mwenye duka ana pango la uwanja la kulipa. Mimi nasema vinyago vinunuliwe Mwenge, Dar es Salaam, na viungo soko la Darajani, Zanzibar. Uwanjani nunua ulichosahau.

Jambo linaloumiza watu zaidi ni vimiminika. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zinazotoka Uingereza, viwanja vingi haviruhusu chombo cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, na asali nayo huhesabiwa kuwa kimiminika. Ukinunua chupa baada ya ukaguzi utapanda nayo bila shida. Lakini ukibadilisha ndege njiani huenda ukakaguliwa upya, na wakaguzi wa huko hawana habari na duka ulikonunua. Mwombe muuzaji akufungie chupa katika mfuko maalumu unaoonyesha ndani, wenye lakiri, risiti ikiwa humo humo. Usiufungue hadi mwisho wa safari, hata kama mtoto analilia kilichomo. Anayeingia Marekani na kuendelea kwa ndege ya ndani kwa kawaida huchukua mizigo yake katika uwanja wa kwanza. Hapo ndipo pa kuitia chupa kwenye sanduku kabla ya kulirudisha.

Halafu kuna sheria za unakokwenda, na hizi duka halikuambii. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, ila asali huruhusiwa hadi kilo 2. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani havihitaji. Mpingo umo katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 2017, lakini kinyago kilichokamilika hakina tatizo mradi mpingo katika mzigo wako hauzidi kilo 10. Matumbawe yaache baharini: nayo yanalindwa na mkataba huo, na bila kibali yatakamatwa.

Australia hutaka kila chakula na kila kitu cha mti kitangazwe, na anayeficha hutozwa faini. Basi kokote uendako, zawadi usiyo na hakika nayo itangaze kwa ofisa wa forodha kabla hajakuuliza.