Kikomo cha Kubadilisha Beringi katika Ukarabati wa Sanduku la Kugawa Nguvu LT230

Sanduku la LT230, linalopatikana katika Land Rover Defender, hupokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawa kwa ekseli ya mbele na ya nyuma kupitia difu ya kati. Ukarabati wake hudhaniwa kuwa ni kubadilisha beringi na sili tu. Dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mkazo wa beringi za shafti inayobeba gia za kati huwekwa kwa bushi yenye kubonyea. Bushi iliyokwisha kubonyea haitoi tena kipimo sahihi, hivyo sharti iwekwe mpya. Pili, meno yanayounganisha shafti kuu ya giaboksi na gia ya kupokelea nguvu yalipata oili kidogo katika matoleo ya awali, nayo hulika taratibu. Yakiisha, gari husimama hata difu ikifungwa, kwa kuwa nguvu haiingii sandukuni. Gia iliyotobolewa njia za oili hupunguza ulikaji huo; hata hivyo, ikivishwa kwenye shafti iliyolika, nayo huharibika. Kwa hiyo, uchunguzi wa shafti hiyo hauna budi kutangulia ununuzi wa vipuri.