Sabufa Mbili, Amplifaya Moja

Mtu akishanunua sabufa mbili na amplifaya, humuuliza fundi swali moja tu: itapiga? Siku ya kwanza itapiga, hata ikiunganishwa ovyo. Kinachofaa kuulizwa ni kama miezi sita baadaye itakuwa bado inapiga, na jibu la hilo liko kwenye namba iliyoandikwa nyuma ya spika, karibu na sumaku. Namba hiyo ni ya omu.

Omu ni kipimo cha jinsi koili ya spika inavyokinza mkondo wa umeme. Omu zikipungua, mkondo unaopita huongezeka, na amplifaya hutoa wati nyingi zaidi. Ndiyo maana vijana wengi wa gereji hushindana kuzishusha. Lakini kila amplifaya ina kikomo chake, na mtengenezaji hukiandika pembeni mwa skrubu za kufungia waya: nyingi za njia moja huishia omu 2, nyingine omu 1. Ukiivusha hapo, inachemka, taa nyekundu ya ulinzi inawaka, muziki unakatika. Ukiilazimisha, transista za ndani zinaungua.

Shughuli yenyewe huanzia kwenye koili, kwa sababu sabufa nyingi za magari zina koili mbili, si moja. Chukua sabufa yenye koili mbili za omu 4. Ukizifunga kwa mfuatano, yaani hasi ya koili ya kwanza ikaingia kwenye chanya ya koili ya pili, omu zinajumlishwa: unapata 8. Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinagawanyika: unapata 2. Sabufa ni ile ile na amplifaya ni ile ile. Waya mmoja mfupi ndio umeleta tofauti yote hiyo.

Sasa weka sabufa mbili za aina hiyo. Koili nne zote zikiwa sambamba, amplifaya inaona omu 1. Koili za kila sabufa zikiwa kwa mfuatano, kisha sabufa mbili zikafungwa sambamba, inaona omu 4. Omu 2 huzipati hapo, hata uzipindue vipi, maadamu koili zote nne zinatumika kwa mgawo sawa. Kwa hiyo mwenye amplifaya inayoishia omu 2 angefanya vyema kununua sabufa zenye koili za omu 2: kila moja kwa mfuatano inatoa 4, na mbili sambamba zinatoa 2 kamili. Hesabu hiyo ifanyike dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Amplifaya ya njia mbili ina mtego wake. Njia zote mbili zikiunganishwa kuendesha sabufa moja, kila njia hubeba nusu ya omu za sabufa hiyo. Sabufa ya omu 4 huonekana kama omu 2 kwa kila njia. Ya omu 2 huonekana kama omu 1, na amplifaya nyingi za aina hiyo haziwezi kuihimili.

Multimita itakuonyesha ukweli. Koili ya omu 4 husomeka kati ya 3.2 na 3.8 hivi, nayo iko sawa kabisa, kwani mita hupima ukinzani wa waya uliotulia. Baada ya kufunga kila kitu, pima kwenye ncha mbili zinazokwenda kwenye amplifaya kabla hujaziingiza. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, igusishe kwenye ncha hizo, chanya kwa chanya: koni za sabufa zote zisukumwe nje kwa pamoja. Moja ikiingia ndani huku nyingine inatoka, besi zitauana, na mwenye gari atakwenda kununua amplifaya kubwa zaidi bila sababu.

Upande wa umeme, wati hazitoki hewani. Amplifaya ya daraja D inayotoa wati 1000 za kweli, kwa ufanisi wa asilimia 80, inavuta wati 1250 kutoka kwenye gari. Injini ikiwa inanguruma na volti ziko 14.4, hizo ni ampea 87 hivi. Mzigo huo unataka waya wa shaba wa milimita 21 za mraba, na arthi ya unene huo huo, fupi, iliyokazwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Chunguza waya unaouziwa: kwangua nyuzi kwa kisu. Zikiwa nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haipitishi umeme kama shaba tupu. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuulinda waya: ukichubuka pale unapopita kwenye bati na kugusa bodi, bila fyuzi gari linawaka moto.

Kwa wenye matatu na daladala nasisitiza jambo moja. Isuzu NQR na Toyota Coaster za dizeli zinatumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfuatano, ilhali amplifaya ya gari ni ya volti 12. Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuchukua 12 kutoka kwenye betri moja. Ni kosa. Alteneta inazichaji betri hizo kama kitu kimoja. Ile inayovutwa na muziki inabaki na njaa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka, na zote mbili zinakufa mapema. Kinachotakiwa ni kigeuzi cha volti 24 kwenda 12 chenye uwezo wa kubeba ampea zote za amplifaya.

Geini ya amplifaya huwekwa mwisho, nayo si kitufe cha sauti. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili: wati 500 kwa omu 2 ni volti 32 hivi. Sabufa zikiwa zimechomolewa, piga mlio wa hezi 50 na upandishe geini mpaka mita isome volti hizo. Kichujio cha amplifaya, kinachopitisha besi tu, kiwe karibu na hezi 80.

Kabla hujamlipa fundi, mwombe apime omu mbele yako na aiandike namba hiyo kwenye risiti, pamoja na ukubwa wa fyuzi. Akikataa, tafuta mwingine.