Sindano, Mkono na Kikuza Sauti: Jinsi ya Kuvipatanisha Ili Santuri za Zamani Zisiharibike

Gatwekera ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, mjini Nairobi, na wakazi wake wengi asili yao ni Nyanza. Si ajabu kumkuta huko mzee aliyehifadhi chini ya kitanda sanduku la santuri ndogo za benga, zile zizungukazo mara 45 kwa dakika: za D. O. Misiani na Shirati Jazz, za George Ramogi, za Victoria Jazz. Santuri hizo zilitolewa kwa wingi Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, kabla kaseti hazijazishinda. Nyimbo nyingine zilipata kutolewa tena. Nyingine hazikupata kamwe, na ule mfereji mwembamba uliochorwa katika plastiki nyeusi ndio mahali pekee ambapo sauti ile ingaliko. Kila mara sindano ipitapo, ama husoma, ama hufuta.

Kwa ajili hiyo yafaa kueleza habari ya vyombo vitatu ambavyo watu huvinunua mbali mbali bila kufikiri kama vitapatana. Cha kwanza ni kichwa cha sindano, yaani kile kidude kidogo chenye kubeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Cha pili ni mkono unaokishika kichwa hicho. Cha tatu ni kikuza sauti cha kwanza, kinachoupokea umeme ule hafifu kabla haujafika kwenye kikuza sauti kikubwa na spika. Mtu aweza kununua kichwa cha bei ya maelfu ya dola za Marekani, akakitia katika mkono usiokifaa, akasikia sauti mbaya kuliko ya jirani yake mwenye kichwa cha bei rahisi.

Hapo zamani mambo haya hayakuwa na uzito. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri, gramafoni za siku zile zilitumia sindano za chuma, na kichwa kizito kililala juu ya santuri kwa gramu mia moja na zaidi. Siku hizi sindano ni ya almasi, nayo hulalia santuri kwa gramu 2 tu, pengine 2 na nusu. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa na maana.

Tuseme mzee wa Gatwekera amepata gramafoni iliyokwisha tumika, nayo inaruka. Wengi wana dawa moja: kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono. Kweli kuruka hukoma. Lakini sarafu ya gramu 5 imeifanya sindano iliyokuwa ikilala kwa gramu 2 ilale sasa kwa gramu 7 hivi, na kuta za mfereji zinachongwa kama ubao chini ya randa. “Mzee,” fundi atamwambia, “hebu toa kwanza hiyo shilingi.” Naye mzee atakasirika, kwani ndiyo iliyomponya ugonjwa.

Sababu ya kuruka mara nyingi haiko katika uzito wa kukandamiza, bali katika kutopatana kwa mkono na kichwa. Sindano imefungwa kwenye kijiti chembamba kilichokaa juu ya mpira. Mpira huo ni kama springi, na mkono pamoja na kichwa ni kama mzigo uliotundikwa juu ya springi hiyo. Kila mzigo juu ya springi una mtikisiko wake wa asili, kama bembea iliyo na mwendo wake. Mtikisiko huo ukiwa chini mno, kama mara 5 kwa sekunde, hukutana na mawimbi ya santuri iliyopinda kwa jua au kwa kulaliwa na masanduku, na mkono huanza kucheza ngoma yake wenyewe. Ukiwa juu mno, kama mara 20, huingia ndani ya sauti ya besi, na gitaa la besi huvuma bila mpaka. Mafundi wamekubaliana kwamba pahali pazuri ni kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde.

Kuihesabu si kazi ngumu. Jumlisha uzito wa mkono (si ule wa mizani, bali ule ambao sindano huuhisi, nao umeandikwa katika kitabu cha chombo), uzito wa kichwa, na uzito wa skrubu zake. Zidisha jumla hiyo kwa tarakimu ya ulaini wa kijiti. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha ugawanye 159 kwa kipeuo hicho.

Chukua mfano wa Denon DL-103, kichwa kilichotengenezwa Japani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya vituo vya redio, na ambacho kingali kikiuzwa. Uzito wake ni gramu 8.5. Ulaini wake umeandikwa 5, lakini hapa pana mtego uliowanasa wengi. Wajapani hupima ulaini kwa mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde, na watengenezaji wa Ulaya kwa mara 10. Kwa hiyo ile 5 ya Kijapani ni karibu 10 katika hesabu yetu. Ukikitia katika mkono wa Technics SL-1200, ambao ni gramu 12, pamoja na gramu 1 ya skrubu, jumla ni 21.5. Mara 10 ni 215; kipeuo ni 14.7, jibu ni karibu mara 11 kwa sekunde. Ni ndoa njema. Katika mkono huo huo, Ortofon 2M Red ya Denmark, yenye gramu 7.2 na ulaini wa 20, huleta karibu mara 8: nayo hufaa, ingawa iko mpakani. Lakini kichwa chepesi cha gramu 6 chenye ulaini wa 40 kitaleta chini ya mara 6, na hapo hata santuri iliyopinda kidogo itakitupa nje.

Sasa turudi kwa ile shilingi ya mzee, maana haikuwa na kosa lote. Kama mkono wake ni mwepesi, tuseme gramu 6, na kichwa ni kigumu kama hicho cha Denon, hesabu hutoa karibu mara 13, yaani juu kidogo. Gramu 5 zikiongezwa hushuka hadi karibu 11. Sarafu ile ile, basi, yaweza kuwa dawa, mradi uzito wa nyuma ya mkono urudishwe nyuma hadi mizani ya sindano isome tena gramu zile alizoagiza mtengenezaji. Mizani hiyo ndogo ni ya bei nafuu, na mwenye santuri asiyekuwa nayo anakisia tu.

Kikuza sauti cha kwanza nacho kina masharti yake. Vichwa vya kisasa ni vya namna mbili. Katika namna moja sumaku ndiyo itikisikayo karibu na koili zilizotulia. Umeme wake ni kama milivolti 5. Katika namna ya pili koili ndizo zitikisikazo, nazo ni ndogo sana ili ziwe nyepesi. Sauti yake husifiwa kwa unyofu, lakini umeme ni haba. Denon hutoa milivolti 0.3 tu, yaani chini ya sehemu ya kumi na tano ya ule wa sumaku. Kichwa cha sumaku huhitaji kukuzwa kama mara 100, na kupokewa na mlango wa omu 47,000. Kichwa cha koili huhitaji kama mara 1,000, na mlango wa omu mia moja au mia chache. Mwenye kukitia cha koili katika mlango wa sumaku atasikia mwimbaji kana kwamba yuko ng’ambo ya mto. Akifungua sauti zaidi, kitakachokua ni mvumo wa umeme wa Kenya, ule wa mara 50 kwa sekunde. Transfoma ndogo ya kuzidisha mara 10 hutengeneza shida hiyo: 0.3 huwa 3, na mlango wa omu 47,000 huonekana kwa kichwa kuwa omu 470.

Kikuza hicho hicho hurudisha besi iliyopunguzwa na kupunguza sauti nyembamba zilizoongezwa wakati wa kuchora santuri, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Santuri za mara 78 ni habari nyingine: nyingi zilichorwa kwa kanuni tofauti, na mfereji wake ni mpana, ukihitaji sindano yenye ncha nene kama mara nne. Ncha nyembamba ya siku hizi hulala chini ya mfereji huo na kukwaruza takataka.

Gatwekera ina mambo yake ambayo vitabu vya Japani havikuyafikiria. Reli iendayo Kisumu hupita Kibera, na treni inapopita ardhi hutetema kwa mwendo wa polepole, ule ule ambao mkono usiopatana huupenda. Rafu iliyopigiliwa ukutani hufaa pale penye ukuta imara; penye mabati matupu, afadhali bamba zito la jiwe juu ya mpira, sakafuni. Waya wa ardhini wa gramafoni usiachwe ukining’inia. Na chombo kilicholetwa kutoka Japani hutaka volti 100; kikichomekwa moja kwa moja katika volti 240 kitaungua kabla ya wimbo kuanza.

Kwa mtu wa kipato cha kawaida, kichwa cha sumaku ndicho chaguo la busara, kwani sindano yake ikichakaa hutolewa na kutiwa nyingine, ilhali cha koili hupelekwa kwa fundi maalumu au hubadilishwa chote. Hata hivyo ahakikishe kwanza kwamba sindano za akiba zapatikana: kampuni ya Shure ya Marekani, iliyosifika kwa vichwa vyake, iliacha kuvitengeneza mwaka 2018. Mwendo wa saa moja au pungufu kutoka Gatwekera uko Soko la Kenyatta, ambako James Rugami, aitwaye Jimmy, ameuza santuri kwa miaka mingi, na wapenzi wa muziki huenda huko kuzungumza habari hizi.

Kupima mapatano bila hesabu kwawezekana pia. Mzee aweke santuri iliyopinda, ainame hadi macho yawe sawa na sindano, aitazame. Kijiti kikipanda na kushuka pamoja na santuri, huku umbali wa kichwa na santuri ukibaki ule ule, vyombo vimepatana. Kichwa kikipiga mbizi na kuinuka kama mtumbwi katika mawimbi ya Ziwa, ainue mkono mara moja, asiiache santuri ile imalizike.