Fyuzi Haiondoki, Inahama

Fungua plagi ya miguu mitatu, ya pasi au ya birika la umeme. Ndani utakuta kidude cha kauri, sentimita mbili na nusu hivi, kimevaa kofia ya chuma huku na huku. Tumboni kimejazwa mchanga, na katikati ya mchanga umepita uzi wa waya. Hiyo ndiyo fyuzi, na katika nyumba nzima hakuna kitu kingine kilichonunuliwa ili kife.

Thomas Edison alipata hataza ya kifaa cha aina hiyo huko Marekani mwaka 1880. Kuiweka ndani ya plagi ni hesabu ya Waingereza ya mwaka 1947. Vita vimekwisha, nyumba zinajengwa upya, shaba haitoshi. Wakaona wazungushe kebo moja nyumba nzima chini ya fyuzi moja ya ampea 30, badala ya kuvuta nyaya nyingi kutoka kwenye meni swichi. Lakini ampea 30 ni nyingi mno kwa waya wa taa ya mezani, basi kila plagi ikapewa mlinzi wake, wa ampea 3 au 13. Plagi hiyo ndiyo tuliyoirithi.

Ikiungua, fundi wa mtaani hasumbuki. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nyuzi za waya, msumari: vyote vinapitisha umeme, taa zinawaka, anashukuriwa. Ila fyuzi ukiitoa haiondoki, inahama. Katika kila njia ya umeme pana mahali dhaifu kuliko pengine, na hapo ndipo patakapoungua. Ukishaweka msumari, mahali hapo ni kiungo kilichoviringishwa tepu darini, au eksitensheni iliyopitishwa chini ya godoro.

Mkondo ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne. Shaba yenyewe haiyeyuki hadi nyuzi 1,085. Nguo yake ya plastiki kwa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu. Kwa hiyo waya haukatiki kwanza. Unavuliwa nguo, ungali unapitisha umeme, na mbao za paa ziko jirani.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Mbangala, katika Wilaya ya Songwe nchini Tanzania, wilaya inayoteremka hadi Ziwa Rukwa. Jua la huko likishapiga bati mchana kutwa, waya uliopita chini yake umepata moto kabla hata birika halijachomekwa. Tena hii ni nchi ya dhahabu ya Lupa. Mota ya karasha la kusagia mawe, inapoamka, inaweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Fyuzi isiyo ya mota itaungua kila asubuhi, na mwenye karasha atachoka. Hapo namwelewa. Dawa yake ipo: fyuzi ya mota, inayovumilia mshtuko mfupi na kukata mzigo mrefu. Ni ghali kuliko msumari, ila ni rahisi mno kuliko mota mpya.

Umaskini nao una mkono wake. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mbali, na kuna miaka ambayo mwanakijiji ameunganishwa kwa shilingi 27,000. Waya wa ndani ni juu yake mwenyewe. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ana bei yake. Jirani mwenye testa anaridhika na soda.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili: fyuzi hailindi mtu. Miliampea 30 zikipita kifuani zinaweza kuua, na fyuzi ya ampea 13 haitahisi kitu. Hiyo ni kazi ya athi, na ya breka inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi.

Wenye sola hujiona wamepona. Volti 12, haipigi mtu! Kweli, haipigi. Lakini wati 100 kwenye volti 230 ni chini ya nusu ampea. Kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 8. Na betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Ukiifunga moja kwa moja kwa waya mwembamba wa spika, bila fyuzi yoyote, waya wote umekuwa fyuzi, kuanzia betri iliyo chini ya kitanda hadi taa.