Mwili wa Dereva Husema Kabla ya Mdomo Wake

Vikundi vyetu husafiri sana usiku. Kukiwa na matanga mbali tunachanga, tunakodi matatu, tunaondoka jioni ili tufike asubuhi. Mwaka juzi nilikuwa katika safari ya namna hiyo, nimeketi mbele. Karibu saa tisa usiku kichwa cha dereva kiliinama, matatu ikatoka kwenye lami, akina mama wakapiga nduru. Akashtuka, akairudisha barabarani. Nilipomwuliza alinijibu, "Sijalala, mama. Niko sawa." Na sidhani alikuwa anadanganya. Mtu anayesinzia mara nyingi hajui kama amesinzia.

Ndiyo maana wataalamu wameamua kuuliza mwili badala ya kumwuliza mwenyewe. Moyo na jasho haviendi kwa amri yetu. Ukiwa na wasiwasi moyo huenda mbio hata kama uso umetulia. Na mnajua jinsi kiganja cha mtu aliyeitwa kwa chifu kinavyolowa! Jasho hilo lina chumvi, na hupitisha umeme kwa urahisi. Basi ukipitisha umeme kidogo sana kwenye ngozi, usioumiza, utajua hofu inapanda au inashuka.

Huko Boston, Marekani, Jennifer Healey na Rosalind Picard walijaribu jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Madereva walibandikwa nyaya za kupima moyo, jasho la mkono na la mguu, na misuli ya bega, tena wakafungwa ukanda wa kupima pumzi. Kwanza walipumzika, halafu wakaendesha mjini na kwenye barabara kuu. Kila safari ilichukua dakika 50 au zaidi, na vipimo vya safari 24 vikachunguzwa. Kompyuta ilipewa vipimo vya dakika tano tano, na mara 97 katika kila 100 iliweza kusema kama mtu yuko katika hali ya utulivu, mkazo wa kadiri au mkazo mkubwa. Vilivyosema wazi zaidi kwa madereva wengi ni jasho na mapigo ya moyo.

Usingizi nao una alama zake. Mjerumani Hans Berger alianza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, na sasa inajulikana kwamba mawimbi hayo hupungua kasi mtu anapoanza kusinzia. Lakini ni dereva gani atakubali kuvaa nyaya kichwani kila siku? Kwa hiyo njia nyingine hutumia kamera inayotazama macho, na kuhesabu ni muda gani katika dakika kope zimefunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya lazima liwe na chombo cha kumwonya dereva anayesinzia. Vingi havigusi mwili hata kidogo. Hutazama macho, au jinsi usukani unavyoyumba.

Mimi sizisifu hizi mashine kupita kiasi. Jasho huja kwa sababu ya jua pia, na moyo huenda mbio kwa homa ya malaria. Tena kengele ikilia saa nane usiku, na tajiri wa gari anangoja hesabu yake asubuhi, dereva atafanya nini? Atafungua dirisha aendelee tu. Sheria yetu ya Kenya inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24, lakini wengi hulipwa kwa safari, si kwa saa.

Kuna kipimo kimoja kisichotaka waya. Mwaka 1997 Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri hufika hapo saa tatu usiku, wakati sisi ndiyo tunapakia masufuria.

Siku hizi kikundi chetu humwuliza dereva, kabla ya kutoa pesa, ameamka saa ngapi. Wa mwisho alisema ametoka Mombasa usiku uliopita. Tulimpa chakula, akalala kwa mwenyekiti, tukaondoka saa kumi na moja asubuhi. Mazishini tulichelewa, na wenyeji walinung'unika kidogo.