SAA MBILI NI SAA NGAPI?

Mwaka huu nimeona heri niwaeleze jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kulijali, nalo ni vile visanduku vya tarehe na saa katika fomu za tovuti. Tunavijaza tukiomba basari, tukikata tiketi ya basi na hata tukitafuta kitambulisho. Mtu huona ni kazi ya dakika moja tu. Lakini wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe mara nyingi huanzia hapo.

Tuanze na tarehe. Hebu tazama 03/04/2008. Sisi Wakenya husoma tarehe 3 Aprili. Mmarekani naye husoma Machi tarehe 4. Basi fomu ikiwa imeundwa kwa desturi ya Marekani, mwanafunzi aliyezaliwa tarehe 3 Aprili atapewa siku isiyolingana na cheti chake cha kuzaliwa, na basari huenda ikamponyoka. Tena tarakilishi haitalalamika! Ingelalamika tu kama siku ni 13 na kuendelea, maana hakuna mwezi wa 13. Nimepiga hesabu: siku 12 kwa miezi 12 ni tarehe 144. Ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni sawa, kama 05/05, zinabaki tarehe 132 za utata kila mwaka.

Dawa ipo. Mwaka 1988 ulitolewa mwongozo wa kimataifa uitwao ISO 8601, nao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2008-04-03. Kisanduku cha tarehe cha HTML humwonyesha mtu tarehe kwa desturi ya kivinjari chake, lakini kwenye seva hupeleka mtindo huo mmoja tu. Kwa tarehe ya kuzaliwa, mimi napendelea visanduku vitatu, mwezi ukiandikwa kwa jina. Kalenda ya kubofya mwezi mmoja mmoja ni adhabu: mtu wa miaka 17 atarudi nyuma miezi 204!

Fauka ya hayo, mwandishi wa programu lazima ahakikishe tarehe yenyewe ipo. JavaScript, lugha iliyozaliwa mwaka 1995, huhesabu miezi kuanzia 0, yaani Januari ni 0 na Aprili ni 3. Isitoshe, ukiipa kwa tarakimu siku ya 30 Februari 2023, haikatai. Husogea kimyakimya hadi tarehe 2 Machi. Kwa hivyo ukaguzi ufanywe kwenye kivinjari, halafu ufanywe tena kwenye seva, kwa sababu ule wa kivinjari mjanja anaweza kuuruka.

Sasa tuje kwa saa, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoingia. Kisanduku cha saa hutuma saa kwa mtindo wa saa 24. Nyanya yangu akitaka basi la saa mbili usiku, mtu akimwandikia 02:00, amemkatia la saa nane usiku. Akifika steji atakuta basi lake liliondoka zamani, na nauli imekwenda na maji. Nyanya hakukosea, kwani saa zetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza na tangu jua kuchwa. Kanuni ni rahisi. Saa za mchana, ongeza 6: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 9 alasiri ni 15:00. Saa za usiku, ongeza 18, na ikifika 24 au kupita, toa 24: saa 2 usiku ni 20:00, saa 7 usiku ni 01:00.

Je, "Jumamosi saa saba usiku" ni tarehe gani? Kwa desturi ya Waswahili wa Pwani, siku huanza jua likichwa, kwa hivyo usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata Ijumaa mchana. Wengine humaanisha usiku unaofuata Jumamosi yenyewe. Tiketi nzuri ingeandika "saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili, 01:00", na ubishi ungekwisha.

Mwisho ni majira. Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. JavaScript ikisoma 2008-04-03 bila saa, huichukua kuwa saa sita usiku ya UTC, na Mkenya aliyeko New York anaweza kuonyeshwa tarehe 2. Kwa hivyo tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe tupu, bila saa. Mkutano nao uhifadhiwe pamoja na jina la majira yake, Africa/Nairobi.

Wenzangu, wengi wetu tutaunda tovuti siku za usoni. Tusimlazimishe mzee ajifunze kuhesabu kama mashine, ilhali hesabu yenyewe ni kuongeza 6 tu. Mashine ndiyo ijifunze kusema "saa mbili". Kiswahili kitukuzwe!